Mpira mgumu, tairi la mto, tairi la upepo: ungenunua lipi mwaka 1892?

Mwaka 1892, mtu aliyeingia duka la baiskeli Dublin, Coventry au Paris alikuta suala la fremu limekwisha kuamuliwa. Ile baiskeli ndefu ya gurudumu kubwa mbele na kagurudumu nyuma ilikuwa inatoka sokoni. Nafasi yake ilishachukuliwa na baiskeli ya magurudumu yanayokaribia kulingana, yenye cheni ya kuzungusha gurudumu la nyuma, ambayo John Kemp Starley wa Coventry aliitoa mwaka 1885 kwa jina la Rover. Kilichomtoa mnunuzi jasho kilikuwa tairi. Aina nne zilikuwa sokoni, ya tano ilikuwa njiani huko Marekani, na kila moja ilikuwa na wapambe wake.

Habari hii kwa kawaida husimuliwa kama hadithi ya mshindi mmoja: daktari wa mifugo wa Belfast, mwanawe mwenye baiskeli ya magurudumu matatu, mpira ukajazwa upepo, dunia ikabadilika. Mimi nazilinganisha kwa jicho la mwenye fedha mfukoni, na mtu huyo ana swali ambalo hadithi ile hailigusi: siku tairi likitoboka nikiwa mbali na nyumbani, nafanyaje? Kwa swali hilo, tairi la kwanza la John Boyd Dunlop nisingelinunua. Lile lililokuja miaka mitatu baadaye, likiwa na upepo uleule lakini limeshikwa kwenye rimu kwa namna nyingine, ningelilipia siku hiyohiyo.

Mpira mgumu

Huu ndio uliokuwapo. Ni ukanda wa mpira uliojaa tangu juu hadi chini, umekaa kwenye mfereji wa rimu na kushikizwa kwa gundi. Ulichukua nafasi ya mbao zilizovishwa chuma kwenye baiskeli za akina Michaux wa Paris za miaka ya 1860. Uliwezekana kwa sababu Mmarekani Charles Goodyear aligundua mwaka 1839 kwamba mpira ukipikwa pamoja na salfa haulainiki ovyo kwa joto wala haukakamai kwa baridi.

Sifa yake ni moja na si ndogo: hautoboki. Msumari, kigae cha chupa, mwiba, vyote vinaingia na kutoka na safari inaendelea. Hubebi pampu, huamki asubuhi ukakuta gurudumu limelala chini.

Ubaya wake unausikia kwenye kiuno na viganja. Tairi gumu likikutana na kokoto halina namna ya kuimeza. Linaipanda, linainua gurudumu, fremu na aliyekaa juu yake, kisha vyote vinashuka kwa kishindo. Nguvu iliyotoka miguuni kwa kazi hiyo hairudi; imeishia kwenye mtikisiko. Kwa hiyo mateso na uzito wa mwendo ni jambo lilelile. Watu wa wakati ule hawakuliona hilo, ndiyo maana walishangaa sana baadaye pale tairi "laini" lilipoonekana kuwa lenye kasi zaidi.

Mpanda baiskeli ndefu hakuteseka hivyo. Gurudumu lake la mbele, ambalo mara nyingi lilizidi mita moja na robo kwa kipenyo, lilipita juu ya mashimo ambayo gurudumu dogo hutumbukia. Rover ilipopunguza gurudumu, watu waliacha kuanguka kwa kichwa lakini wakaanza kutikiswa. Watengenezaji wakajibu kwa springi. Whippet, ya mwaka 1885 hiyohiyo, ilikuwa na fremu ya springi iliyotenga usukani, kiti na pedeli ili visipokee mtikisiko wa magurudumu moja kwa moja. Upepo ulipotokea, mshindani wake wa kwanza alikuwa springi hizo. Hakuna aliyeutazama kama njia ya kwenda kasi.

Tairi la mto

Waandishi wengi wa historia hulipita hili mbiombio kwa kuwa lilikufa, na hapo wanamdhulumu mnunuzi wa 1891. Jina linatokana na mto wa kulalia. Ni mpira mnene kuliko ule mgumu wa kawaida, wenye tundu linalopita katikati kwa mzunguko wote. Ndani hakuna upepo wa kushindiliwa. Mpira wenyewe ndio unaobonyea kuelekea kwenye tundu lile, kisha unarudi. Halina valvu wala tyubu, na msumari haulifanyi kitu.

Ni zito, na kwa kasi halifui dafu mbele ya tairi la upepo. Lakini lilipunguza sehemu ya mtikisiko bila kumletea mtu mashaka mapya, na kwa muda mfupi Waingereza wengi walilikimbilia. Kama ningekuwa daktari wa kijijini mwaka ule, ninayeitwa usiku kwenda kumzalisha mtu maili kumi kutoka kwangu, hili ndilo ningelichukua.

Tairi la Dunlop, la kubandikwa

Dunlop alikuwa Mskoti, mzaliwa wa Dreghorn mwaka 1840, aliyefungua kazi ya udaktari wa mifugo Belfast. Mpira alikuwa ameuzoea kwa sababu baadhi ya vifaa vya kazi yake alivitengeneza mwenyewe. Mwaka 1887 mwanawe alilalamika kwamba baiskeli yake ya magurudumu matatu inamtesa kwenye barabara za mawe za mjini. Baba akachukua kisahani cha mbao, akakizungushia tyubu nyembamba ya mpira, akaifunika kwa kitambaa cha kitani kilichopigiliwa kwenye mbao, akaijaza upepo kwa pampu ya mpira wa miguu. Kisha akaviringisha uani vitu viwili kwa zamu: gurudumu la mtoto lenye mpira mgumu, na kile kisahani. Gurudumu lilianguka kabla ya kufika mwisho wa ua. Kisahani kilivuka ua wote, kikagonga geti na kurudi.

Jaribio lile linavutia kwa sababu lilikuwa na majibu mawili kwa pamoja. Dunlop alitafuta ulaini, na ua ukamwonyesha mwendo. Tarehe 28 Februari 1888 mtoto aliijaribu baiskeli yake ikiwa na matairi mapya, Julai ombi la hataza, yaani haki ya pekee ya mvumbuzi, likapelekwa, na tarehe 7 Desemba 1888 likakubaliwa.

Hataza hiyo haikudumu. Mwaka 1890 iligundulika kwamba Mskoti mwingine, Robert William Thomson wa Stonehaven, alikuwa amesajili gurudumu la upepo tarehe 10 Desemba 1845, Dunlop akiwa mtoto wa miaka mitano. Thomson aliyafunga matairi yake kwenye magari ya farasi na kuyajaribu Regent's Park, London, mwaka 1847: mfuko wa turubai iliyopakwa mpira, ndani ya ganda la ngozi lililokazwa kwa bolti. Seti moja ilikwenda maili 1,200, sawa na kilomita zipatazo 1,900, na farasi walivuta kwa wepesi zaidi. Hakuna aliyenunua. Mpira mwembamba ulikuwa ghali, baiskeli hazikuwapo bado, na mwenye gari la farasi hatoki jasho yeye; anayetoka jasho ni farasi. Thomson mwenyewe aliishia kwenye mpira mgumu, kwa magari yake ya mvuke. Hivyo basi, ukiulizwa nani alivumbua tairi la upepo, jibu ni Thomson. Ukiulizwa nani alilifikisha kwa mtu aliyelihitaji, jibu ni Dunlop.

Sasa tulipime kama bidhaa. Tyubu iko ndani ya mfuko wa turubai, juu kuna ukanda wa mpira wa kukanyagia, na turubai imezungushwa kwenye rimu na kubandikwa kwa gundi. Kwa kushika, linashika vizuri sana. Kwa kufungua, ni balaa: kufikia tundu ulitakiwa kubandua, kuchana turubai, kuziba, kushona au kufunga upya, kubandika tena na kusubiri gundi ikauke. Isitoshe, lilikuwa nene kiasi cha kutopita kwenye foku za baiskeli zilizokuwapo. Hukuweza kununua tairi peke yake ukaenda nalo nyumbani. Ulinunua baiskeli nzima iliyotengenezwa kwa ajili yake, kama zile za Edlin wa Belfast.

Watu walicheka. Waliyaita matairi ya soseji. Waliosomea ufundi walisema yatateleza kwenye matope, na katika hilo hawakukosea: mpira laini usio na kashata, ile michongo ya kushika barabara, kwenye mawe yaliyoloa huteleza kweli. Hofu hiyo ilipungua kashata zilipoanza kuchongwa kwenye mpira wa kukanyagia, lakini anayeishi mji wa mvua na reli za tramu alikuwa na haki ya kusita.

Kicheko kilikatika tarehe 18 Mei 1889, kwenye michezo ya Queen's College, Belfast. Willie Hume, nahodha wa klabu ya Belfast Cruisers, ambaye hakuwa akihesabiwa miongoni mwa vigogo, alifika na baiskeli ya soseji na kushinda mashindano yote manne. Baadaye kidogo akaenda Liverpool na kuchukua yote isipokuwa moja. Miongoni mwa walioachwa nyuma Belfast walikuwa vijana wa Harvey du Cros, mfanyabiashara wa Dublin na rais wa chama cha waendesha baiskeli wa Ireland. Mzee huyo hakununa, alinunua. Novemba 1889 akawa kinara wa kampuni iliyoanzishwa Dublin kuuza tairi hilo, Dunlop akiwa ndani yake.

Kwa mkimbiaji, basi, hapakuwa tena na mjadala. Mbio za uwanjani ni fupi, njia imefagiwa, na ukipata pancha umepoteza mbio moja tu. Baada ya Hume, kwenda uwanjani na mpira mgumu ilikuwa kwenda kuwasindikiza wenzako. Kwa mtu wa barabarani hesabu ilikuwa nyingine kabisa.

Tairi la upepo la kuvuliwa

Mwaka 1889 alifika Clermont-Ferrand, Ufaransa, mwendesha baiskeli mmoja mwenye tairi la Dunlop lililotoboka. Alikwenda kwenye kiwanda cha ndugu Michelin, Édouard na André, waliokuwa wakitengeneza zana za kilimo na vitu vya mpira, zikiwamo breki. Kulibandua na kuliziba kulichukua saa tatu, na gundi iliachwa ikauke usiku kucha. Asubuhi Édouard alipanda ile baiskeli kuijaribu. Baada ya mita mia chache tairi likalala tena. Alirudi na mawazo mawili: kwamba upepo ni kitu cha ajabu, na kwamba tairi lisilozibika haraka halina maisha.

Wakati huohuo watu wengine wawili walikuwa wakishughulika na tatizo hilo Uingereza. Charles Kingston Welch alisajili mwaka 1890 tairi lenye nyaya mbili za duara ndani ya kingo zake. Waya haunyumbuki, kwa hiyo ukingo hauwezi kuruka nje ya rimu, ila rimu ina bonde katikati: ukisukuma upande mmoja ukaingia bondeni, upande wa pili unapata nafasi ya kuinuliwa na kutoka. Mwezi uliofuata William Erskine Bartlett, Mmarekani aliyekuwa kwenye kampuni ya North British Rubber ya Edinburgh, alisajili tairi lenye kingo nene zinazojipachika chini ya midomo ya rimu, na upepo wenyewe ndio unaozibana zisitoke. Njia ya Bartlett ilipendwa sana wakati huo na ikaingia mpaka kwenye magari. Njia ya Welch ndiyo iliyobaki kwenye baiskeli hadi leo.

Tofauti kati ya hizo mbili kwa mnunuzi ni hii. La Bartlett linategemea upepo. Likiisha upepo ghafla kwenye kona, kingo zinaweza kuachia. La Welch linashikwa na waya hata likiwa limelala, ila kulitoa kunahitaji kujua lile bonde la rimu lilipo. Ukimtazama fundi yeyote anapotoa tairi la baiskeli hii ya kawaida ya breki za fito, ile inayobeba mkaa, maziwa na abiria kuanzia Kisumu hadi Bujumbura, utamwona anakanyaga upande mmoja ili ukingo ushuke katikati ya rimu, ndipo anaingiza chuma bapa upande wa pili. Hicho ni kitu cha Welch cha mwaka 1890, hakijaguswa.

La Michelin, lililosajiliwa 1891, lilikazwa na skrubu. Ukizitoa skrubu, tairi linatoka na tyubu unaishika mkononi. Robo saa ilitosha. Kwa macho ya leo robo saa ni nyingi, lakini ilinganishe na saa tatu na usiku mmoja.

Uwanja wa kuthibitisha ulipatikana Septemba ya mwaka huohuo, mbio za kwanza za Paris–Brest–Paris, takribani kilomita 1,200. Charles Terront alipanda akiwa na matairi ya Michelin. Mpinzani wake mkubwa, Jiel-Laval, alikuwa na ya Dunlop. Terront alipata pancha, zikazibwa, akaendelea. Usiku wa tatu alimpita mwenzake akiwa amelala, akaingia Paris baada ya saa 71 na dakika 22, karibu saa nane mbele yake. Wapo watakaosema usingizi ndio ulioamua, na mimi sibishani nao sana. Lakini kwa umbali ule mtu mwenye tairi la kubandikwa alibeba hofu ambayo Terront hakuwa nayo.

Mwaka uliofuata Michelin waliandaa mbio zao wenyewe, Paris hadi Clermont-Ferrand, na misumari ikamwagwa makusudi barabarani ili watu waone pancha zikizibwa. Ulikuwa utangazaji wa kikatili kidogo, ila ulilenga palepale pa kumshawishi mnunuzi.

Na du Cros? Hataza ya Dunlop ilipokufa, kampuni ingekufa nayo kama asingeshtuka. Alinunua ya Welch, na baadaye akajipatia na ya Bartlett. Tangu hapo tairi lililouzwa kwa jina la Dunlop halikuwa tena lile la kubandikwa alilobuni Dunlop, na mwenyewe alijitoa kwenye kampuni katikati ya miaka ya 1890. Kampuni ikauzwa mwaka 1896 kwa pauni milioni 3, na aliyeinunua, Ernest Terah Hooley, akaipeleka sokoni muda mfupi baadaye kwa milioni 5. Mvumbuzi hakupata sehemu kubwa ya fedha hizo.

Kipo kifaa kidogo ambacho hakiimbwi: valvu ya Charles Woods ya 1891. Ni kijibomba chenye tundu pembeni, kimevishwa kipande cha mpira mwembamba. Upepo wa pampu unausukuma mpira ule na kupenya. Upepo wa ndani unaurudisha kuziba tundu. Inafunguka kwa vidole, na mpira ukichoka unavishwa mwingine kwa bei ya chini kabisa. Bado imejaa kwenye baiskeli zetu. Ndiyo maana fundi mwenye akili, kabla hajang'oa tairi kutafuta pancha, hupaka mate kwenye valvu aone kama yatatoa povu.

La Kimarekani, la tyubu moja

Hili nitalisema kwa ufupi. Wamarekani walipenda tairi ambalo tyubu na ganda ni kitu kimoja, bomba moja la mpira na kitambaa lililobandikwa kwenye rimu. Hataza ya Pardon Tillinghast wa Rhode Island ilitoka 1893. Ni jepesi na rahisi kutengeneza. Pancha ndogo iliwezekana kuzibwa kutoka nje kwa kusukumia kipande cha mpira chenye gundi ndani ya tundu. Mpasuko mkubwa ulimaanisha kununua jipya. Lilivuma huko miaka yote ya 1890 kisha likapungua, na sioni kwa nini mtu wa barabara mbovu angelitaka.

Kwa kutazama haraka

| Aina | Mtikisiko | Mwendo | Likitoboka |
|---|---|---|---|
| Mpira mgumu | Mkali | Mzito kwenye barabara mbovu | Halitoboki |
| La mto | Wa wastani | Mzito | Halitoboki |
| Dunlop la kubandikwa (1888) | Mdogo | Mwepesi sana | Saa kadhaa, na gundi ikauke |
| La kuvuliwa (1890–91) | Mdogo | Mwepesi sana | Robo saa, baadaye chini ya hapo |
| La tyubu moja | Mdogo | Mwepesi | Dakika chache kwa tundu dogo. Mpasuko ni hasara |

Nani angechukua lipi

Mkimbiaji wa uwanjani wa 1889 au 1890: la Dunlop la kubandikwa, bila kusita. Inafurahisha kwamba wakimbiaji wa uwanjani waliendelea na matairi ya kubandikwa kwa miongo mingi baada ya watu wengine kuyaacha, kwa sababu ileile.

Mtu wa safari ndefu na mbio za barabarani: asubiri hadi 1891, kisha achukue la kuvuliwa. Kabla ya hapo, upepo ulikuwa kamari.

Mtu wa mjini aendaye kazini kwenye mawe na reli, anayeogopa kuteleza: tairi la mto hadi 1892 hivi, kisha la Bartlett au la Welch lenye kashata. Kwa shingo upande ningemruhusu abaki na mpira mgumu kama baiskeli yake bado nzima, maana kuhamia kwenye upepo kulimlazimu anunue fremu mpya.

Mwenye fedha kidogo: baiskeli ya mpira mgumu iliyotumika. Wenye uwezo walipohamia kwenye upepo waliziuza zile za zamani, kwa hiyo tairi la upepo lilimfaa hata aliyeshindwa kulinunua. Hilo naliona ndilo lililopanua idadi ya waendesha baiskeli kuliko matangazo yote.

Kufikia katikati ya miaka ya 1890 ulinganisho ulikuwa umekwisha. Baiskeli mpya karibu zote zilikuwa na upepo, na springi za fremu zilikuwa zimepotea pamoja na tairi la mto.

Bei ambayo haikuandikwa dukani

Kila safu ya jedwali lile ina mpira, na mpira ulitoka mahali. Kabla ya mashamba ya Asia kuanza kuzaa, dunia ilitegemea utomvu wa mwituni, wa Amazon na wa Afrika ya kati. Kongo ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji ilisafirisha tani mia moja na kitu za mpira mwaka 1890. Mwaka 1901 zilikuwa takribani 6,000. Kampuni ya Abir ilipewa eneo lake la mpira mwaka 1892, mwaka uleule mnunuzi wetu yuko dukani akipapasa matairi. Wanavijiji walipangiwa kiasi cha utomvu wa kuleta, wake zao wakashikwa rehani, na walioshindwa waliuawa au kukatwa mikono. Ripoti ya Roger Casement, balozi mdogo wa Uingereza huko Kongo, iliyoyaanika mambo hayo ilitoka 1904.

Pwani yetu nayo iliguswa, kwa kiwango kingine. Mpira wa mwituni ulivunwa kusini mwa Tanzania ya leo na kusafirishwa kupitia Kilwa na Lindi, kutoka kwenye mimea itambaayo ya jamii ya mtoria na mbungo, jamaa wa bungo hilihili linalokamuliwa juisi. Mmea mmojawapo umepewa jina la kisayansi la John Kirk, balozi wa Uingereza Zanzibar.

Je, mnunuzi mwenye huruma angechagua aina gani? Hakuna iliyomwokoa. Hata mpira mgumu ulikuwa mpira. Tairi la upepo lilichangia kwa njia moja ya wazi: liliifanya baiskeli ivumilike, mamilioni wakainunua, na kila mmoja alihitaji matairi mawili ambayo yangelika na kubadilishwa. Magari yalipokuja, njaa hiyo ya mpira ilikuwa tayari imeanza.

Chaguo hilo leo

Mpira mgumu haukufa moja kwa moja. Umerudi dukani ukiwa wa povu la plastiki au mpira wenye vitundu ndani, kwa maana nyingine tairi la mto limefufuka, na wauzaji wanautangaza kwa ahadi ileile ya 1891: hakuna pancha tena. Kampuni za baiskeli za kukodi mijini, kama Mobike ya China ilipoanza, ziliutumia, na kwao hesabu inalipa. Anayelipia pancha ni kampuni, anayetikiswa ni mteja.

Kwa anayemiliki na kupanda mwenyewe hesabu inageuka. Ukibeba gunia mbili za mkaa kwenye barabara ya vumbi, tairi gumu linapeleka kila pigo kwenye spoku na ekseli, na spoku ghali kuliko kiraka. Mahali penye mafundi wa pancha kila njiapanda, udhaifu wa upepo umeshatibiwa. Weka tairi la upepo, na kama njia yako ina miiba, kata kipande cha tairi kuukuu ukitandike kati ya tyubu na ganda. Utaongeza uzito kidogo na kupunguza safari za kwa fundi.

Ningekubali tairi la povu kwa baiskeli ya mtoto, ya mlinzi anayezunguka kiwanda cha sakafu ya saruji, au toroli. Ukiamua hivyo, pima upana wa ndani wa rimu kabla ya kulipa, maana matairi hayo hayanyumbuki. Likiwa dogo kwa milimita chache halitaingia, likiwa kubwa litazunguka peke yake ukifunga breki, na likishakaa vizuri, kulitoa mara nyingi ni kwa kisu.